Ayuma na Ufa wa Sebule

Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mitchel. Jina hilo lilitoka kwenye televisheni ya jirani, maana siku hizi watoto hupewa majina jinsi sabuni zinavyopewa. Bibi yake, aliyempokea mikononi na kumtazama usoni kwa muda kabla ya kusema lolote, alimwita Ayuma. Mimi namfuata bibi.

Alizaliwa hapa Iguhu, katika boma lililo juu ya barabara ya udongo, mkabala na langu lililo ng'ambo ya kijito. Nilipohamia huku alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba yake alifariki wakati yeye yuko darasa la pili, akazikwa nyuma ya nyumba, upande ambao jua la asubuhi hufika kwanza. Mama yake, Nekesa, aliyekuja kuolewa hapa kutoka Bungoma, alibaki na watoto wawili: Bramwel, ambaye ndiye mkubwa, na Ayuma. Akawalea kwa mrenda na kunde alizouza sokoni Kakamega. Ndugu zake walimwambia arudi kwao. Akawajibu kwamba kwao ni pale alipomzika mume wake, na hakuna aliyemuuliza tena.

Ayuma alisomea kwa masista Mukumu, na kwa kuwa aliona wauguzi wa hospitali ya misheni kila siku, alitaka kuwa muuguzi. Matokeo yakatoka, kompyuta ya serikali ikampanga kwingine. Zamani mtu alipotaka kazi alikwenda kwa mwenye kazi, wakatazamana. Sasa mashine huko Nairobi inaamua nani atafunga vidonda na nani atahesabu ng'ombe. Yeye ilimpangia jiolojia, hapo hapo katika chuo kikuu cha mjini Kakamega. Mama yake alipouliza hiyo ni kazi gani, alimwambia ni kusoma mawe. Kijiji kizima kilicheka. Huku Ikolomani mawe yamesomwa na kila mtu, kwa sururu na karai, tangu wazungu walipokuja kutafuta dhahabu wakachoka wakaondoka. Nani aliwahi kupewa cheti?

Alikuwa akipita kwangu akitoka chuoni wikendi, akinywa chai na kunieleza alichofundishwa, kwa sababu nilimuuliza. Mimi shule iliniacha mapema, na mambo yote niliyo nayo niliyaokota mwenyewe katika magazeti yaliyofungiwa sukari. Kwa hiyo sioni haya kuuliza.

Mwalimu wake alikuwa Daktari Chepng'etich, mama wa Kinandi anayefundisha akiwa amevaa buti za shamba. Siku ya kwanza aliingia darasani na chapati. Akazipanga moja juu ya nyingine mezani, akaweka kitabu kila upande, akavisukuma vitabu vikaribiane. Chapati zikainuka katikati, zikajikunja. Akawaambia wanafunzi kwamba huo ni mkunjo, na kwamba miamba ya Kakamega imekunjwa hivyo hivyo, pole pole, kwa muda ambao akili ya mtu haiwezi kuubeba. Kisha akachukua chapati iliyokauka, akaisukuma, ikavunjika, kipande kimoja kikapanda juu ya kingine. Huo, akasema, ni ufa wa mwamba, mahali ambapo mwamba umekatika na pande mbili zikateleza. Moja ilikuwa laini, nyingine kavu, lakini msukumo ni ule ule. Kazi ya mwanafunzi ni kulitazama jiwe lililolala kimya na kuuliza lilisukumwa kutoka wapi.

Baada ya hapo wakafundishwa vitu viwili ambavyo Ayuma alinieleza mpaka nikavielewa. Cha kwanza ni mwelekeo, yaani tabaka la mwamba linakwenda upande gani wa dunia likikatwa sawasawa na usawa wa maji. Cha pili ni mwinamo, yaani tabaka hilo linazama ardhini kwa upande gani na kwa ukali gani. Alinionyesha kwa paa la jikoni kwangu. Mwelekeo ni ule mstari wa juu wa paa. Mwinamo ni njia ambayo maji ya mvua huteremkia.

"Lakini kuka," akaniambia, kwani huniita babu kwa lugha yetu, "ukilikata bati kwa mshazari na kutazama ule ukingo tu, utaona mteremko mwingine kabisa. Ukingo unadanganya. Maji hayadanganyi."

Usidhani aliyajua yote mara moja. Katika safari yao ya kwanza ya kupima vilima alizunguka siku nzima na dira mkono mmoja na nyundo ya chuma mkono wa pili, akiviweka karibu karibu. Chuma kikaivuta sindano ya dira, kaskazini ikahama. Alipoipeleka ramani yake, Daktari Chepng'etich aliitazama kwa muda mrefu, akamwambia kazi ni safi sana, ila tu ameing'oa Kakamega na kuipeleka Uganda. Darasa lilimwita Mganda hadi mwisho wa muhula.

Nimesema hayo ili mjue alikuwa mtu gani mambo ya nyumba yalipoanza.

Bramwel, kaka yake, anauza simu na chaja mjini karibu na stendi. Ni kijana mwenye moyo mzuri na ladha mbaya. Miaka michache iliyopita aliamua kwamba mama yake hawezi kuendelea kupokea wageni katika chumba cha udongo, akaongeza sebule ubavuni mwa nyumba, ya matofali na saruji, yenye vigae vinavyong'aa sakafuni kama vya benki. Picha ya sebule aliipata kwenye simu. Nyumba ya udongo ilikuwa ikisema mapema: ukuta ukipasuka unauona, unachanganya udongo na samadi, unausiriba, na wakati unausiriba unafikiri kwa nini umepasuka. Vigae havisemi. Vinanyamaza mpaka siku ya kuvunjika.

Vikavunjika. Mvua za masika zilipokolea, ufa ulitokea ukutani mwa sebule, ukashuka sakafuni, ukapasua kigae baada ya kigae. Mkono wa mtoto ungeingia.

Hapo ndipo lazima niwaeleze kuhusu Khisa. Khisa ni mkubwa wa wachimba dhahabu wa shimo lililo upande wa machweo wa boma la Nekesa, kando ya barabara. Yeye na vijana wake hufuata mshipa, yaani ukanda wa jiwe jeupe uliopenya katikati ya mwamba mweusi, maana dhahabu hukaa humo. Wanaufuata chini kwa chini kama fuko, na hakuna mtu wa juu anayejua wamefika wapi. Mwaka uliotangulia, upande wa pili wa Iguhu, jiko la mtu lilizama katika njia ya chini iliyosahauliwa, sufuria na vyote. Kwa hiyo Bramwel alipouona ufa hakukawia. Alikwenda moja kwa moja shimoni, akamuuliza Khisa mshipa unaelekea wapi. Khisa akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya Nekesa.

Na kama mkono haukutosha, kulikuwa na kingo za barabara. Pale greda lilipokata kilima, mshipa ulionekana wazi, mstari mweupe ukishuka taratibu, ukiingia ardhini upande ule ule wa nyumba. Kila mpita njia aliuona na kutikisa kichwa.

Bramwel alirudi na hofu. Sikumlaumu. Alimpenda mama yake na hakutaka kumchimbua na jembe. Alimwambia ahame. Angempangia chumba mjini, Amalemba, chenye maji ya bomba. Nekesa akakataa. Bramwel akaita wazee wa ukoo waje Jumamosi, wamwamuru. Wazee wakiamuru, mjane hana pa kukatalia, na Nekesa alijua hivyo. Akapiga simu chuoni, akamwambia binti yake kwamba Jumamosi atatolewa penye kaburi la baba yake, kwa hiyo kama mawe hayo anayosomea yana neno lolote la kusema, yaseme sasa.

Ayuma alifika Alhamisi na dira aliyoazimwa na mwalimu wake. Nilimwona kutoka kwangu akiwa kwenye ukingo wa barabara, ameiacha nyundo mbali kwenye nyasi, nikajua Uganda ilimfundisha. Vijana wa boda boda wakasimamisha pikipiki kumtazama. Mmoja akamuuliza kama jiwe lina homa.

Hakuupima ule mstari mweupe. Alitafuta mahali ambapo maji ya mtaro yalikuwa yamekula udongo na kuufunua uso wenyewe wa mshipa, si ukingo wake tu. Akauosha kwa mkono, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina. Maji hayakuteremka kuelekea nyumba. Yaliteremka kwa kasi kuelekea kijito, upande mwingine. Ule mstari ambao kila mtu aliutazama ulikuwa ukingo wa bati lililokatwa mshazari. Mshipa wenyewe ulikuwa paa lililoinamia kwangu.

Nilipomwona akivuka kijito kuja kunywa chai nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema sehemu moja haitoshi, kwa sababu mwamba uliokunjwa huweza kuinama huku hapa na kule pale, na mwamba uliokatika huweza kuruka. Kesho yake akautafuta mshipa kwenye korongo nyuma ya kanisa, akaupima tena, ukatoa jibu lile lile. Lakini kati ya korongo na nyumba, ardhi yote imefunikwa na mahindi. Mahali pekee pengine ambapo mshipa ulikuwa wazi ni shimoni kwa Khisa.

Na mwanamke hafiki shimoni. Hiyo ni sheria ya wachimbaji wote wa huku. Wanasema dhahabu ina wivu.

Akaenda akasimama kwenye kamba waliyoifunga kuzunguka shimo. Aliyonisimulia ni haya. Khisa alitoka chini ya turubai mikono ikiwa na matope, akamwambia asimame hapo hapo alipo, daktari wa mawe, asije akawafukuzia riziki. Ayuma akamjibu kwamba hakuja kuvuka. Alitaka kumuuliza tu, ni kweli alimwonyesha Bramwel kwamba mshipa umeenda kwao?

"Nilimwonyesha."

"Basi mimi nikikuambia unazama upande wa kijito, na kwamba njia yenu sasa iko chini ya miwa ya kule kijitoni, utasemaje, baba?"

Khisa akatazama nyuma kuona kama vijana wake wamesikia.

"Nani amekuambia?"

"Maji ya kunywa."

Akaketi juu ya lundo la mawe. Akamwomba ashushe sauti. Kisha akamweleza jambo ambalo mimi, niliyekaa jirani na mashimo haya miaka yote, nilikuwa nimelisikia nusu nusu. Mchimbaji hasemi mshipa wake umeelekea wapi. Akiulizwa, huonyesha kwingine. Baba yake Khisa alionyesha kwingine, na babu yake vile vile, kwa sababu ukionyesha ukweli leo, kesho utakuta mtu amefungua shimo mbele yako na kukungojea huko chini. Kwa wachimbaji wenyewe si uongo, kwani kila mmoja anajua mkono wa mwenzake hauaminiki. Ni kama salamu. Lakini Bramwel si mchimbaji. Ni muuza chaja. Aliuliza kama raia akajibiwa kama mchimbaji, na pande zote mbili hazikujua.

"Naulizwanga kila siku," Khisa akasema. "Mkono ulienda wenyewe."

"Mkono wako unamhamisha mama yangu kesho."

Ayuma akamwambia kwamba hatausema upande wa kweli mbele ya watu. Atasema tu mahali ambapo mshipa haupo. Lakini hiyo haitatosha, kwa kuwa yeye ni mtoto na ni msichana, na wazee watamuuliza kama aliingia shimoni. Kisha akaondoka. Alinikuta nikifunga mbuzi. Nilimuuliza kama mtu yule atakuja, akasema hajui.

Jumamosi wazee wa ukoo waliketi uani, nami nikaitwa kama jirani. Nekesa alikuwa amechinja ingokho, yaani kuku, na kusonga obusuma, ugali wetu, nikaona uchungu kwamba mtu anawalisha wanaokuja kumtoa nyumbani. Zamani tulikula baada ya hukumu, si kabla, ili mkono wa mwenyeji usiwemo kinywani mwa mwamuzi. Hayo nayo yamekwisha.

Bramwel alizungumza vizuri. Alieleza ufa, alieleza mkono wa Khisa, alieleza jiko lililozama. Wazee wakaguna. Nekesa aliketi kwenye mkeka akitazama mikono yake.

Ayuma akasimama, akaomba ruhusa, akaeleza paa na maji na bati la mshazari. Alieleza kwa Kiswahili rahisi, bila kutumia neno hata moja la chuo. Mzee mmoja, baba yake mdogo, mtu wa maneno makali, akauliza lile tuliloliogopa: je, aliingia shimoni akaona kwa macho? Akasema hapana. Mzee akafungua mikono, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu.

Khisa alikuwa amesimama langoni, kofia mkononi. Sijui alifika saa ngapi.

"Mtoto amesema kweli," akasema. "Chini ya nyumba hii hatuko, na hatujawahi kuwa."

"Mbona ulinyoosha mkono huku?" Bramwel akauliza.

"Kijana, mkono wa mchimbaji ni wa kufukuzia nzi."

"Basi mko wapi?"

"Hilo halijibiwangi."

Wazee wakacheka, hata yule mkali, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na ndugu mchimbaji. Lakini Bramwel hakucheka. Akasema, sawa, mshipa haupo. Ufa upo. Ufa umetoka mbinguni? Na mama yake atalala juu ya kitu kisichojulikana? Hilo lilikuwa swali la haki.

Ndipo Ayuma alipofanya kile ambacho, kwa maoni yangu, ndicho hasa alichokwenda kusomea. Alichukua kipande cha mkaa jikoni, akaingia sebuleni, nasi tukasimama mlangoni. Akaufuata ufa kwa mkaa, kigae kwa kigae, kutoka ukutani mpaka ukutani. Kisha akaufuata wa pili, mwembamba, ambao hakuna aliyekuwa ameushughulikia, kwa ndani ya ule wa kwanza. Aliposimama tukaona. Kama ardhi ingevunjika kwa kufuata mshipa, alisema, ingepasuka kwa mistari iliyonyooka, na ingepita sebuleni, ingepita uani, ingekwenda mpaka shambani bila kujali ni nani aliyejenga. Nyufa hizi zilikuwa zimepinda, moja ndani ya nyingine, kama bangili zilizokatwa nusu. Na kila mahali, upande wa ndani wa bangili ulikuwa umeshuka kuliko wa nje. Akaweka kifuniko cha soda sakafuni, kikateleza kidogo kuelekea ukuta.

"Hakuna kinachovuta upande," akasema. "Kuna kinachoshuka chini, na ni cha duara. Nusu yake iko huku ndani."

Tukazunguka nje ya ukuta huo, mahali Bramwel alipomwaga saruji ili pikipiki yake isiingie matope. Bangili ikakamilika hapo, imefichwa na mchanga na vifuniko vya chupa. Ayuma akamgeukia mama yake, akamuuliza kabla ya saruji hapo palikuwa na nini.

"Migomba," Nekesa akasema. "Migomba ya mama mkwe. Niliikuta nilipoolewa. Aliniambia isihamishwe kamwe."

"Alikuambia kwa nini?"

"Siku hizo mama mkwe haulizwi kwa nini."

Bramwel akatazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyeing'oa. Mama yake alimkataza, naye akamjibu kwamba hayo ni mambo ya kishamba.

Hakuna mzee aliyehitaji maelezo zaidi, nikaona nyuso zao zikifunguka moja baada ya nyingine. Kwetu, choo cha shimo kikijaa, kilifunikwa kwa majivu na udongo na taka za jikoni, na juu yake kikapandwa kishina cha mgomba. Mgomba hustawi mahali hapo kuliko mahali pengine pote, lakini ndizi hazikuwa sababu kubwa. Mgomba ulikuwa ukimwambia kila mwenye macho kwamba hapa hapajengwi. Udongo wa shimo hushuka kwa miaka mingi, hasa mvua zikiwa kali. Hatukuwa na ramani. Tulikuwa na mimea, na mtu aliyekulia katika boma aliisoma bila kujua kwamba anasoma. Nawalaumu vijana kwa kung'oa. Lakini nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na naona kwamba wale waliotoa amri bila sababu nao waliacha mlango wazi. Amri isiyo na sababu hufa na mwenyewe.

Mzee mkali akaomba mtaimbo. Bramwel mwenyewe akauleta, akavunja saruji pembeni, akausimamisha na kuusukuma. Nilitarajia asukume kwa nguvu. Ulizama kama kijiko kwenye uji, karibu umwangushe. Akauvuta, akachimba kidogo kwa jembe. Yakatoka majivu, kisha udongo mweusi laini, kisha vigae vya chungu, kisha kikombe cha bati kilicholiwa na kutu. Hakuna jiwe jeupe. Hakuna njia ya wachimbaji. Harufu ilikuwa imekwisha zamani.

"Kwa hiyo, Bramwel," baba yake mdogo akasema, "sisi wageni wote uliotukaribisha kwenye makochi yale, ulitukalisha chooni."

Sijawahi kusikia uani mwa Nekesa kicheko kama kile tangu mume wake alipokufa. Khisa alilazimika kushika nguzo ya ukumbi. Bramwel alisimama na mtaimbo wake, akijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho, na si machozi yote yaliyokuwa ya kucheka. Wiki nzima alikuwa akimwona mama yake mawazoni akizama ardhini. Nekesa hakucheka sana. Alikwenda akasimama kwenye nyumba yake ya zamani, ile ya udongo, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda kama mtu anayepima mtoto homa. Ukuta ule haukuwa na ufa hata mmoja.

Wazee hawakuamuru chochote, ila kwamba sebule ibomolewe kabla ya mvua kubwa nyingine, na kwamba abomoe aliyejenga. Ayuma aliporudi chuoni na kumsimulia Daktari Chepng'etich, mwalimu alimwambia kwamba alifanya vizuri, lakini angeanza na nyufa za nyumba kabla ya kukimbilia mlimani, kwani huo ndio ushahidi uliokuwa karibu. Ayuma alinieleza hayo bila kinyongo. Yuko mwaka wa tatu sasa. Anazungumzia kwenda kupima miteremko kule milima inakoporomokea watu wakati wa mvua, ili waambiwe mapema. Hataki tena uuguzi, ingawa mimi naona ni kazi ile ile. Simu yake huwa mkononi kila wakati kama wenzake, na bado hajui kusiriba ukuta. Huwezi kupata yote.

Khisa anaendelea kuchimba. Juzi mgeni fulani alimuuliza mshipa unakwenda wapi, akanyoosha mkono kuelekea hospitali.

Bramwel alibomoa sebule kwa Jumapili kadhaa, shati likiwa begani, huku mama yake akimwelekeza kutoka kwenye kigoda. Shimo likajazwa upya na kushindiliwa. Nilidhani Nekesa atarudisha migomba, lakini alipanda maboga, akasema ndizi zinachelewa kuzaa. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Vigae vilivyosalia vizima hakukubali vitupwe. Akamtaka mwanawe avipange kwenye banda la kuku, na nikipita kwenye njia ya juu asubuhi nawaona ingokho wa Nekesa wakiteleza kwenye sakafu ya benki, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni pake na ufagio, akiwacheka.